Shajara ya kliniki yetu ya mwaloni: mwezi ulivyotupangia ratiba

Januari 2024, kabla ya kuanza

Naandika hii kwa ajili ya wakufunzi wenzangu wa uuguzi wanaofikiria kufungua kliniki ya wanafunzi nje ya chuo. Nitaongeza kila tukimaliza hatua. Chuo sikitaji na mwalo wenyewe (pwani ambapo wavuvi wanashushia samaki) pia sitautaja, ila kwa wanaoijua Mwanza, unapita Airport, unapita Igombe, unaelekea Kayenze, halafu unakata kushoto kwenye njia ya vumbi mpaka harufu ya dagaa ikupokee.

Wazo lenyewe lilitokana na aibu kidogo. Wanafunzi wetu wa mwaka wa tatu walikuwa wanaenda mazoezi ya afya ya jamii kwenye kituo cha afya mjini, wanane wamemzunguka mgonjwa mmoja, wawili wanaona na sita wanachungulia, wakati kilomita chache tu kutoka hapo kuna kambi ya wavuvi ambayo watu wake wakiumwa wananunua dawa dukani kwa kukadiria. Kijiji kina zahanati, tusiwaonee watu, ule mpango wa MMAM wa 2007 uliosema kila kijiji kiwe na zahanati huku umefika. Shida ni kwamba zahanati iko juu barabarani, inafunguliwa saa mbili asubuhi inafungwa saa tisa na nusu, na hayo ndo masaa ambayo mvuvi wa dagaa amelala na mama muanikaji yuko juani na dagaa zake. Afu watu wa kambi leo wako hapa, mwezi ujao wako kisiwani, hakuna anayewahesabu kama wake.

Mkuu wa chuo akauliza, wapi hili limeshafanyika? Nikaandika kwenye andiko kwamba manesi kufuata watu walipo ni jambo la zamani, Lillian Wald alianza New York mwaka 1893 akikaa mtaa mmoja na wahamiaji maskini aliowahudumia, na kule Marekani vyuo kadhaa vya uuguzi vinaendesha kliniki zao zinazosimamiwa na manesi wenyewe, mpaka sheria yao ya afya ya 2010 ikaziwekea kifungu chake cha ruzuku. Akasoma, akasema sawa ila hela hamna. Basi tukachanga.

Mganga mkuu wa halmashauri alikubali kwa masharti ambayo nawashauri myachukue hata kama hamjaambiwa: tabibu au nesi wa zahanati awepo siku zote, wagonjwa waandikwe kwenye MTUHA namba 5 ya zahanati (rejista ya serikali ya wagonjwa wa nje) na sio daftari la chuo, mwanafunzi asitoe kidonge bila msimamizi. Dawa za msingi zinatoka zahanati, sisi tunaongezea.

Gharama ya kuanzia: turubai 70,000, viti vya plastiki kumi 150,000, mashine mbili za presha 180,000, mashine ya sukari na stripu 50 kwa 75,000, mizani 35,000, ndoo mbili za bomba 24,000. Jumla 534,000. Glavu na seifti boksi (la kutupia sindano) chuo kilitoa.

10 Februari 2024: siku ya kwanza, watu 19

Tulipanga kila Jumamosi ya pili ya mwezi, saa tatu asubuhi, kwasababu ndo siku wanafunzi hawana vipindi. Kumbuka hiyo sababu, nitairudia.

Tulifika na gari la chuo, jeupe, wanafunzi kumi na wawili wamevaa sare nyeupe zimepigwa pasi. Tulipoingia tu mwaloni nikaona vijana wanakimbia na nyavu mabegani, wengine wanasukuma mitumbwi majini, ndani ya dakika tano pwani imebaki na watoto na bata. Kumbe wamedhani ni doria ya nyavu haramu. Gari jeupe likishuka pale huwa halijaleta heri. Mwenyekiti wa BMU (kamati ya wavuvi inayosimamia mwalo) alicheka mpaka akakaa chini, akasema "mwalimu ungenipigia simu basi". Namba yake nilikuwa nayo. Nilimpigia mwenyekiti wa kijiji, nikaona inatosha. Haitoshi, mwaloni anayejua nani yuko wapi ni BMU.

Tuliona watoto 13 na akina mama 6. Mwanaume hata mmoja hamna. Tulibeba vipimo vya haraka vya malaria (mRDT) 60, tukatumia 9.

9 Machi 2024: watu 31, na makosa mengi kuliko watu

Safari hii daladala mpaka njia panda kisha bodaboda, vifaa kwenye mabegi ya kawaida, sare tumevalia kule kule. Nauli kwa timu nzima 66,000. Hakuna aliyekimbia. Ila wanaume walikuwa wanne tu, na wawili kati yao ni wenye maduka.

Sasa mchanga. Hakuna kitabu kilichonifundisha kuhusu mchanga. Tumeweka mizani chini, mama mmoja amepanda ikasoma kilo 61, mwanafunzi hakuielewa akamwambia apande tena, 57, mara ya tatu 59. Mizani inazama upande mmoja. Viti navyo miguu inadidimia, mtu unampima presha amekaa kama yuko kwenye mtumbwi. Na presha zenyewe zilinishtua, karibu nusu ya watu wazima juu ya 140/90, nikawaza hiki kijiji kina nini. Mpaka nilipokaa pembeni nikatazama foleni: akina mama wanatua karai la dagaa kichwani, wanakaa, wanafungwa mkanda hapo hapo wanahema. Na mkanda wetu ni wa saizi moja, kwa mama mwenye mkono mnene unabana na unasoma juu.

Kubwa kuliko yote ni dawa ya kichocho. Hapa kwetu ziwani kichocho ni cha tumbo, na praziquantel inapimwa kwa uzito, au kwa ile fito ya urefu inayoonyesha vidonge vingapi, mfano sentimita 150 mpaka 160 vidonge vitatu, 160 mpaka 178 vinne. Mwanafunzi alichomeka fito mchangani ili isimame. Ikazama. Fito ikizama mtu anakuwa mrefu, kwahiyo wachache wakaingia fungu la juu. Kwa usalama haikuwa hatari, tofauti ni kidonge kimoja na dawa ina nafasi hiyo, lakini tuliwapa watu saa nne asubuhi ambao hawajala kitu. Wawili wakatapika palepale, mmoja akalala chini ya mti kizunguzungu. Jioni nikapigiwa simu, mwaloni wanasema manesi wa chuo wamekuja kuwapa watu dawa ya kukata uzazi.

Marekebisho yaliyofanya kazi: kipande cha plaiwudi nene cha mita moja kwa mita moja (18,000) kinalazwa chini, mizani na fito vyote vinakaa juu yake na mtu anapanda hapo hapo. Benchi mbili za mbao kivulini kwa ajili ya kupumzika dakika tano kabla ya presha (60,000 kwa fundi), miguu chini, hakuna kupiga stori wakati wa kupima. Mkanda mpana wa presha 25,000. Tulipowapima tena mwezi uliofuata wale tuliowapata, wengi wao presha ilikuwa ya kawaida kabisa. Niliona aibu kwa wale niliowatisha.

13 Aprili 2024: watu 9

Tisa. Uvumi wa dawa umefanya kazi yake, mvua nayo, na ziwa limepanda limekula sehemu tuliyofunga turubai Machi. Tukahamia nyuma ya vichanja vya dagaa.

Stripu za sukari tulizipoteza siku hiyo. Boda aliyebeba begi alitangulia, akaliacha juani juu ya injini ya mtumbwi kwa zaidi ya saa moja. Mashine ikaanza kutoa namba za ajabu, mimi mwenyewe nilijipima nikakuta nina kisukari, nikajipima tena nikakuta nina njaa ya kuzimia. Kopo zima tukatupa. Zilikuwa zimebaki 38. Siku hizi zinakaa kwenye boksi la kubebea chanjo bila barafu, halishikwi na mtu mwingine isipokuwa kiongozi wa zamu.

Uji tulianza siku hiyo. Praziquantel hapati mtu kabla hajanywa kikombe. Mama lishe wa hapo mwaloni anapika, tunamlipa 30,000 pamoja na unga na kuni, sukari tunaleta sisi, na sukari yenyewe mwaka huu imetutesa kwa bei. Alikunywa yeye wa kwanza mbele za watu, akameza na vidonge vyake, akakaa. Hajatapika. Kuanzia hapo uvumi ulipungua kwa kasi kuliko maelezo yangu yote.

Lakini cha maana cha siku hiyo kilitoka kwa mzee mmoja mwenye mitumbwi. Mwanafunzi wangu mmoja, mtoto wa Moshi, alikuwa anawafundisha akina mama watano kuhusu kichocho, akafika mahali akasema "msioge ziwani". Bibi mmoja akamuuliza kwa upole, "mjukuu wangu, nikaoge wapi?" Binti akakosa jibu. Mzee akawa anasikiliza, akaniita pembeni, akasema: "Mwalimu, nyie mnakujaga giza. Giza watu wako kazini. Njooni mbalamwezi."

Nilikaa chini nikafungua kalenda ya simu. 10 Februari, giza kamili lilikuwa usiku wa kuamkia siku hiyo hiyo. 9 Machi, lilikuwa tarehe 10. 13 Aprili, lilikuwa tarehe 8. Yaani miezi mitatu mfululizo Jumamosi yetu ya pili imeangukia kwenye siku za giza, ambapo mvuvi wa dagaa anashinda ziwani usiku kucha na taa zake, kwa maana dagaa hufuata taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa haivuti kitu. Asubuhi anarudi analala kama gogo. Mimi nimezaliwa Mwanza, nimekula dagaa tangu nina meno mawili, na sikufikiria hilo. Niliangalia ratiba ya vipindi tu.

25 Mei 2024: watu 58, wanaume 34

Mbalamwezi ilikuwa tarehe 23. Tulifika Jumamosi hiyo, wanaume wapo, wanashona nyavu, wanacheza drafti, wengine wanachungulia tu kwa mbali. Tulichelewesha kuanza mpaka saa nane mchana ili akina mama wawe wameshakusanya dagaa kwenye magunia. Upepo wa mchana uliinua turubai mara mbili, tukafunga magunia manne ya mchanga kwenye pembe, bure kabisa.

Vilivyoonekana: malaria, vidonda vya mikono vya kamba na ndoano, migongo, macho ya akina mama wanaobanika sangara kwenye moshi, presha za kweli sita. Na watu wanne ambao wako kwenye ARV, kadi zao za CTC (kliniki ya wanaotumia ARV) ziko visiwani walikotoka na dawa zimeisha au zinakaribia. Hili hatukulitegemea. Hema moja, kila mtu anasikia, kijana anakunong'oneza huku anatazama nyuma. Nesi wa zahanati akawapa utaratibu wa kupata dawa pale pale kwake bila kurudi kisiwani. Tukaongeza khanga mbili na kamba tukatengeneza chumba cha pembeni, na ili asiyeumwa asimjue anayeumwa tuliamua kila mtu, hata wa kidonda cha kidole, apite humo dakika mbili.

Somo la kichocho tulilibadilisha. Badala ya kukataza ziwa tunafundisha pipa mbili: maji ya kuoga yanatekwa leo yanakaa siku mbili bila kuguswa, kwasababu vijidudu vinavyopenya ngozi vikikosa mtu wa kumuingia vinakufa ndani ya muda huo, kesho kutwa unaoga ya pipa la kwanza huku la pili linasubiri. Mvuvi anayeshinda majini haitamkinga, na tunamwambia hivyo hivyo, yeye ameze dawa zikija na atumie choo, maana mayai yanaenda ziwani na kinyesi. Ila mtoto wake inamsaidia. Bibi yule yule wa Aprili alisema "hapo sasa mmeongea".

22 Juni 2024: watu 41

Tumepungua na nilitegemea tuongezeke. Siku yenyewe ya mwezi mpevu, na nusu ya vijana hawapo. Mwenyekiti wa BMU akanielewesha: mwezi ukikua boti zinapaki, tajiri, yaani mwenye boti, anapiga hesabu na vijana, kila mtu anapewa chake, baada ya siku moja mbili wenye familia wanaenda makwao Sengerema, Ukerewe, Magu, waliobaki wengi wako kwenye pombe na huwezi kumpima mtu presha akiwa hivyo. Siku ya kuwapata wote wakiwa na akili zao na hela zao ni siku ya hesabu, kama siku tatu kabla ya mwezi kujaa. Siku hiyo hata CHF, bima ya afya ya jamii, waliweza kukata, mwaka huo wa 2024 ilikuwa 30,000 kwa kaya ya watu sita, kwasababu hela ipo mkononi.

Ila siku ya hesabu haichagui Jumamosi.

18 Julai 2024, Alhamisi: watu 73

Kupata Alhamisi kuliniuma kuliko kuchangisha hela. Ofisi ya ratiba ilinijibu kwamba ratiba ya muhula haiwezi kufuata mwezi. Nikaenda na MTUHA, nikafungua kurasa za Februari na Mei sambamba, nikasema mnataka wanafunzi wangu wajifunze kwa hawa wagonjwa 19 au hawa 58? Tulikubaliana siku moja kwa mwezi ihesabiwe kama zamu kamili ya mazoezi na vipindi vifidiwe Jumamosi. Yaani tulibadilishana tu, wala haikuwa hasara kwa mtu.

Watu 73 kwa wanafunzi 12 na wasimamizi watatu ni wengi, tulimaliza jioni kwa tochi za simu. Tusingeweza zaidi ya hapo. Kwa wanaoiga: mkifika 60 fungeni foleni, sisi karatasi nne za mwisho zimeandikwa vibaya na nesi wa zahanati alinirudishia kwa haki kabisa.

16 Agosti 2024, Ijumaa: rufaa

Watu 55. Nitaongelea rufaa tu maana ndo ilikuwa inavuja kimya kimya. Tangu Mei tumeandika rufaa 17 za kwenda zahanati au kituo cha afya. Nilimtuma mwanafunzi aangalie waliofika. Wanne. Nauli ya boda kwenda na kurudi kituoni ni 8,000 na mtu hajui atakuta nini. Tukajaribu kuwapigia simu kuwakumbusha, namba nyingi hazipatikani, simu za wavuvi zinaishia majini na laini zinabadilika kila kambi.

Kilichosaidia ni kuandika jina la mtumbwi. Kila mtumbwi una jina ubavuni, Mungu Mwema, Acha Waseme, na mtu anaweza kubadili simu mara tatu ila watu wanajua yuko boti gani. Mhudumu wa afya wa jamii, mama wa hapo hapo, anapita kwenye boti na kusema "nesi anawaita wote wa Acha Waseme", hataji mtu wala ugonjwa, wote wanakuja na yule tunayemtaka anakuwemo. Tajiri akiuliza nani anaumwa, jibu ni kwamba tunapima boti nzima. Na kweli tunapima. Tumemtengea mama huyo 20,000 kwa kliniki na vocha, na mfuko mdogo wa nauli 50,000 kwa rufaa za lazima. Kati ya rufaa 6 za siku hiyo, 5 zimefika.

14 Oktoba 2024, Nyerere Day: watu 60

Septemba hatukwenda, wanafunzi walikuwa likizo, na hilo bado sijalipatia dawa. Watu wa presha walikaa bila kupimwa miezi miwili, mmoja alikuwa ameacha vidonge kwasababu "nilisikia vizuri". Nesi wa zahanati alikubali kushuka mwenyewe siku ya hesabu kama tukimlipia boda, 8,000. Ningefikiria mapema.

Safari hii kalenda ilitupendelea, mwezi unajaa tarehe 17 na siku ya hesabu ikaangukia sikukuu, ratiba haikuguswa. Foleni ilifungwa kwenye 60. Wanafunzi wa sasa ni kundi jipya, na kwenye plaiwudi mmoja aliweka mizani kwa haraka nusu iko mchangani, kabla sijafungua mdomo mama mwenye karai la dagaa akamwambia "mwanangu, ipandishe yote".

Gharama ya kliniki moja kwa sasa: nauli 66,000, uji na sukari 42,000, mhudumu wa jamii 20,000, stripu na glavu za nyongeza kama 35,000. Jumla 163,000, ukiacha mfuko wa nauli za rufaa. Wanafunzi wanachanga 2,000 kila mmoja, wakufunzi tunamalizia.

Kwa mwakani mwezi wa Januari unajaa usiku wa Jumatatu tarehe 13 kuamkia Jumanne, kwahiyo hesabu itakuwa Ijumaa tarehe 10. Barua ya ratiba nimeshaipeleka, na BMU nimempigia simu kwanza.